Betri ya tatu ya pikipiki: pima chaji kabla ya kutoa pesa

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanaboda, steji yangu iko Likoni, na siku nyingine napeleka abiria mpaka Ukunda. Pikipiki ni ya cc 150, ina stata na kiki. Betri yake ni ya ampea-saa 5, ndicho kiasi cha umeme inachobeba. Sasa imekufa ya pili, na zote mbili hazikumaliza mwaka. Dukani wananiambia nichukue betri kavu, fundi wangu anasema ya maji ndiyo imara, na jamaa yangu ana betri ya UPS, kile kifaa kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ya ampea-saa 7 anataka kuniuzia rahisi. Nimeongeza taa mbili za LED na redio. Pikipiki bado iko kwenye mkopo kwa hiyo ina traka, kifaa cha kuwaonyesha waliokopesha iko wapi. Nichukue ipi?

Marahaba, mwanangu. Ya UPS mwachie jamaa yako, sababu nitakupa huko mbele. Hizo mbili nyingine zote zinafaa, lakini ukienda dukani leo utanunua betri ya tatu na mwakani utaniandikia habari za ya nne. Betri moja ikifa kabla ya mwaka, tunaweza kusema ulipewa mali mbovu. Ya pili ikifa vile vile, kuna kitu kwenye pikipiki kinachoziua, na hakitaangalia umelipa bei gani.

Mita ya kawaida, ile ya mafundi wa redio, inatosha kukitafuta. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Asubuhi kabla hujawasha, gusa vichwa vya betri, waya mwekundu wa mita kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Betri iliyoshiba husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, na 12.0 iko taabani. Ikisoma 10.5 na haipandi hata baada ya kuchajishwa usiku kucha, chumba kimoja kati ya sita vya ndani kimekufa, na hiyo haina dawa. Kisha bonyeza stata huku macho yako kwenye mita. Namba ikianguka chini ya 10 na injini inazunguka kwa uvivu, betri haina nguvu, hata kama sasa hivi ilikuwa inasoma 12.6.

Hapo umeijua hali ya betri. Kinachoua betri kinajulikana kwa kipimo cha pili, na hiki kifanye na betri nzima, hata ukiazima ya mwenzako wa steji kwa nusu saa, kwa sababu betri iliyokufa huipotosha mita. Washa pikipiki, ipige resi ya katikati kama ya gia ya tatu mjini, uisome tena. Inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikiganda kwenye 12.5 na inazidi kuteremka, pikipiki haichaji, wewe unaishi kwa akiba tu. Ikipanda 15 na kuzidi, rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uwe wa kuchaji betri na kuuzuia usizidi, imeshindwa kazi na inaichemsha betri kila siku unapokwenda.

Na kama betri zako za zamani bado ziko nyumbani, zitazame kabla hujazitupa. Betri iliyofungwa, ile wanayoiita kavu, ikiwa imevimba mbavu, ilichajiwa kupita kiasi. Ya maji ikiwa ilikuwa inakauka kila baada ya wiki chache, ni ugonjwa huo huo. Ikiwa maji yapo ya kutosha lakini bati za ndani zimefunikwa na weupe, hiyo ilikufa kwa njaa, ilikaa siku nyingi bila kushiba.

Kabla hujaambiwa ununue rektifaya mpya, chomoa soketi yake uigeuze kwenye mwanga. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na chumvi haichagui. Mara nyingi utaona pini moja imefanya kutu ya kijani, na plastiki iliyoizunguka imekuwa ya kahawia na kuyeyuka kidogo ukingoni. Pini ile haipitishi umeme sawasawa, inapata moto, na volti zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye betri. Ukiisafisha au ukiibadilisha soketi peke yake, huenda chaji ikarudi. Angalia pia ule waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye fremu: fungua nati, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kisha ukaze tena. Na fundi akitaka kukuonyesha kama inachaji kwa kuchomoa betri injini ikiwa inawaka, mzuie. Betri ikiondoka, volti huruka juu ghafla, na kinachoungua hapo ni taa, CDI (kifaa kinachoipa plagi cheche) au hiyo rektifaya yenyewe.

Tuje kwenye vitu ulivyoongeza, na hapa ndipo ninaposhuku zaidi. Watu huilaumu stata bure. Tuseme stata inavuta ampea 60 kwa sekunde 2: hiyo ni ampea-saa 0.03 tu, na chaji ikiwa na ziada ya ampea 2, injini inairudisha kwa dakika moja. Sasa chukua taa zako mbili. Soma wati zake. Tuseme ni 20 kila moja. Wati 40 ukigawa kwa volti 12 unapata zaidi ya ampea 3. Ukiwa steji umezima injini, taa zinawaka na redio inaimba, betri ya ampea-saa 5 haimalizi saa moja na nusu kabla ya kuisha kabisa, na stata itagoma mapema zaidi ya hapo. Injini ikiwa inanguruma tu bila resi, kama ulivyo kwenye foleni ya feri jioni, chaji ya pikipiki ndogo huwa hafifu mno na taa hizo zinaweza kuimeza yote kisha zikaomba kwa betri. Betri ya risasi haipendi kukaa nusu tumbo. Kila ikiachwa bila kushiba, weupe ule niliokutajia hujenga kwenye bati na hautoki tena.

Sikwambii uzing'oe. Usiku barabara ya Ukunda taa ni uhai. Lakini zipitishe kwenye swichi ya funguo ili injini ikizimwa nazo zizime, zipe fyuzi yake na relei yake (swichi inayoendeshwa na umeme), na ukiwa steji au kwenye foleni tumia taa ya kawaida tu.

Traka ni mwizi wa pole pole. Ikivuta miliampea 30 mchana na usiku, kwa siku ni ampea-saa 0.72. Ukifanya kazi kila siku hutaisikia. Ukiiacha pikipiki wiki moja umekwenda msibani Kwale, unarudi unakuta betri tupu. Kuipima ni hivi: zima kila kitu, toa funguo, fungua kichwa cha hasi, na uiweke mita katikati ya kichwa hicho na waya wake, ukianzia tundu la ampea 10. Usiguse stata wala kufungua funguo mita ikiwa pale, utaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki isiyo na traka inatakiwa isome sifuri au miliampea moja mbili. Yenye traka itazidi, lakini ukiona mia na zaidi, kuna waya umeunganishwa vibaya, na mara nyingi ni redio iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia funguo. Traka yenyewe usiifungue wala kuikata, si mali yako mpaka mkopo uishe. Peleka namba hiyo kwa waliokukopesha wamtume fundi wao. Na ukijua utasafiri, ichajishe betri siku ya kurudi kabla hujaingia kazini.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa tuzungumze kununua.

Kitu cha kwanza si aina bali ni kipimo. Toa betri ya zamani uandike namba iliyo ubavuni, kisha pima sanduku lake kwa rula: urefu, upana, kimo. Namba hizo zina maana. Chukua YTX5L-BS na YTX7L-BS. Zote mbili zina urefu wa milimita 113 na upana wa 70, lakini ya kwanza ina kimo cha 105 na ya pili 130. Ampea-saa zilizoongezeka zimekaa kwenye hizo milimita 25 za juu. Kwa hiyo ukionyeshwa betri yenye umbo lile lile la ya zamani lakini stika inadai ampea-saa karibu mara mbili, ujue aliyeongeza ni mchapishaji wa stika. Ishike mkononi pia. Nguvu ya betri hizi iko kwenye risasi, na risasi ni nzito; ya ukubwa wako ikiwa na asidi yake hukaribia kilo 2. Iliyo nyepesi waziwazi kuliko ile iliyokufa irudishe juu ya kaunta.

Angalia vile vile chanya iko upande gani. Igeuze betri vichwa vikutazame. Kwenye YTX7L-BS chanya iko kulia; kwenye YTX7A-BS iko kushoto. Ukichukua ya upande usio wako, waya hazitafika, na fundi mwenye haraka atazivuta na kuziunga. Siku moja mtu atakosea rangi, na rektifaya itakwenda kwa sekunde.

Wengine hupenda kuweka kubwa zaidi ili ikae sana. Ikiingia kwenye sanduku lake bila kukatwa kitu haina madhara, lakini haiongezi chaji hata kidogo: ni kuweka pipa kubwa zaidi chini ya bomba lile lile linalotoa maji kwa matone. Kama taa na redio zinakula kuliko kinachoingia, pipa kubwa litachelewa tu kukauka.

Sasa kavu au ya maji. Hiyo inayoitwa kavu dukani ndani yake si kavu. Asidi imenyonywa na vitambaa vya kioo vilivyobanwa katikati ya bati, kisha imefungwa na valvu. Muuzaji akikwambia ni jeli, nyingi kati ya hizo ni za vitambaa hivi hivi, usimlipe zaidi kwa jina hilo. Faida yake kwako ni kubwa. Bati zimebanwa, kwa hiyo matuta na mashimo hayazipukuti haraka. Haimwagi asidi pikipiki ikilala. Wala huhitaji kukumbuka kuongeza maji. Udhaifu wake ni mmoja: haivumilii rektifaya mbovu. Ikichajiwa volti 15 inapoteza maji kupitia valvu, na huna pa kuyarudishia. Ya maji ikifanyiwa hivyo unaongeza maji na inasonga mbele kidogo. Ndiyo maana fundi wako anaiona imara. Ni imara mbele ya pikipiki yenye kasoro. Kwa kazi yako, chaji ikisoma ndani ya 14.5, mimi ningechukua iliyofungwa bila kujiuliza mara mbili. Kama rektifaya inasumbua na pesa ya kuibadilisha haijapatikana, chukua ya maji kwa sasa, na uwe unaifungua kila wiki mbili.

Ukichukua ya maji, ongeza maji ya betri tu, yaliyosafishwa kwa mvuke. Asidi haiongezwi tena baada ya ile ya mara ya kwanza. Na maji ya kisima cha Mombasa yaache ndooni. Yale yana chumvi hata mdomoni unaisikia, na chumvi ndani ya betri hula bati.

Za lithiamu ni nyepesi na bei yake ni ya juu, nazo zinataka chaji iliyotulia zaidi kuliko unayoweza kuhakikisha sasa. Ziruke.

Ile ya UPS nayo ni ya risasi na ni volti 12, ndiyo maana inavutia. Lakini imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo. Ile 7 iliyoandikwa hupimwa kwa kuimaliza kwa saa 20, yaani kwa ampea 0.35 tu, wakati betri za pikipiki hupimwa kwa saa 10. Kwa hiyo 7 ile na 7 ya pikipiki si ndugu. Vichwa vyake ni vibati vyembamba vya kuchomeka, havikuwekewa boliti ya kubeba ampea za stata. Na umbo lake la kawaida ni milimita 151 kwa 65 kwa 94, refu kuliko sanduku lako, kwa hiyo utaifunga kwa mpira wa tairi na itakuwa inacheza kila tuta. Tena hiyo ni ya mtumba. Hujui imekaa miaka mingapi kwenye ofisi ya nani.

Dukani uliza ya aina mbili: iliyojazwa tayari au inayokuja na asidi yake pembeni kwenye chupa. Herufi BS mwishoni mwa namba ni hiyo ya chupa. Iliyojazwa kiwandani huanza kuzeeka hapo hapo, na joto la stoo ya bati mwezi wa pili, kaskazi ikivuma, huiharakisha. Umri wa betri za risasi hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, hivyo tarehe ya kutengenezwa si ya kupuuza. Mwombe muuzaji aipime mbele yako. Chini ya 12.4, mwambie akupe nyingine. Ya chupa hukaa rafuni muda mrefu bila kuharibika mradi haijafunguliwa, na mimi naipendelea kwa sababu hiyo. Angalia pia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na risiti iandikwe tarehe na namba ya betri, si neno "spea" peke yake.

Hapa sasa ndipo betri nyingi huuawa zikiwa mpya. Muuzaji anamimina asidi, anaifunga, anakupa, na dakika tano baadaye uko barabarani. Asidi inataka nusu saa angalau iingie kwenye bati, mpaka viputo vitulie. Baada ya hapo inataka chaja, kwa ampea zisizozidi sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Yako ni 5, basi ni ampea 0.5, kwa saa tano hivi au zaidi. Ukiiweka kwenye pikipiki bila hatua hiyo inaanza maisha ikiwa na asilimia 80 hivi, na pikipiki iliyosheheni taa na redio haitaifikisha juu ya hapo. Iache dukani asubuhi, fanya kazi kwa kiki kama pikipiki yako inakubali, uifuate jioni. Wakikwambia hakuna haja, nenda duka la pili.

Ya maji ina kibomba cha kupumulia ubavuni. Mpya huja kimezibwa kwa kifuniko kidogo. Kitoe, kisha upitishe mpira wake ushuke chini mbali na cheni na ekzosi, usibanwe popote. Kifuniko kikisahauliwa gesi hukosa njia, na betri huweza kupasuka.

Kufunga: ukitoa ya zamani anza na hasi, ukiweka mpya anza na chanya. Ukifuata hivyo, spana ikigusa fremu haitatoa cheche. Kaza boliti, usilazimishe, maana vichwa ni risasi na ni laini. Kisha paka vaselini au grisi juu ya vichwa vyote viwili, baada ya kukaza na si kabla. Kwa sisi tunaovuka bahari kila siku, rudia kila ukibadilisha oili. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeanza, fungua, osha kwa maji yaliyochanganywa na magadi kidogo, suuza, kausha, paka upya. Kwa ya maji, hakikisha vifuniko vimefungwa kabla ya kuosha, magadi yasiingie ndani.

Zile mbili zilizokufa usimpe mtoto achezee, wala usimruhusu mtu azipasue uani atoe risasi. Mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa uliumizwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ukatenguliwa na Mahakama ya Rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Zipeleke nzima, zikiwa zimesimama wima ili asidi isimwagike, pale pale unaponunulia mpya, na uulize wanakupunguzia kiasi gani.

Ukishapima, niandikie namba tatu: ya asubuhi kabla ya kuwasha, ya resi ya katikati, na miliampea za pikipiki ikiwa imezimwa. Kama ile ya resi itazidi 15, betri usinunue kwanza; pesa hiyo ianze na rektifaya.